Mastaa wetu, stika ya kichupa mmeibandua kwa nini?

Najua mmezoea Jumatatu naweka nani kaachana na nani, nani kahama usiku na nani gari lake ni la kukodi. Leo hayo yapumzike. Leo nina hasira, na nikiwa na hasira naandika ndefu, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Jina la mtu halipo humu. Narusha jiwe gizani, atakayepiga kelele ndo limempata.

Tuanze na dada. Dada wa tamthilia, sauti ya upole, wafuasi wa kujaza uwanja wa mpira na wengine wabaki nje. Hivi karibuni aliingia laivu akiwa kitandani, shuka jeupe, taa ya duara inamulika uso, mkononi kashika kichupa kidogo cha kioo chenye mfuniko wa bati. Akatuambia mwili wake ulikuwa umechoka, ngozi imefifia, mgongo unauma, usingizi hakuna. Lakini tangu aanze "tiba ya peptaidi" amezaliwa upya. Akajifinya shavu tuone linavyorudi. Mioyo myekundu ikapanda skrini nzima.

Mtu mmoja akauliza kwenye komenti kistaarabu tu: "Dada, inaitwaje na ina nini ndani?"

Jibu: "Njoo inboksi mpenzi."

Wa pili ni kaka wa jimu. Kifua kama kabati, tumbo lina vyumba sita. Yeye anauza "peptaidi za kuponya": goti, bega, kisigino, misuli iliyochanika, vyote kichupa kimoja. Wa tatu ni mtangazaji wa redio ambaye asubuhi anatusomea dondoo za afya na jioni anatuwekea namba ya WhatsApp ya "mtaalamu wake". Huyo mtaalamu kasomea wapi hatuambiwi. Tunaambiwa tu ana mkono mwepesi.

Msinielewe vibaya. Sijaja kusema peptaidi ni uchawi au sumu. Nimekaa usiku kadhaa nasoma, mimi wa kidato cha nne, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona tatizo la hii biashara sio neno "peptaidi". Tatizo ni kwamba wanaotuuzia hawataki tujue kilichomo ndani ya kichupa. Wakitaka tujue, wataacha stika. Nitaieleza hiyo stika, subirini.

Kwanza tuelewane peptaidi ni kitu gani. Fikiria shanga kwenye uzi (shanga za kawaida jamani, sio hizo mnazowaza). Kila shanga ni asidi amino, vile vipande vidogo vinavyojenga protini. Ukizitunga chache kwa mpangilio maalumu unapata peptaidi. Ukibadilisha idadi au mpangilio, unapata kitu kingine kabisa chenye kazi nyingine kabisa. Insulini ina shanga 51. Semaglutaidi, ile iliyomo kwenye Ozempic, ina 31. Ile BPC-157 ya kaka wa jimu ina 15. Glutathaioni ina tatu tu.

Kwa hiyo mtu akikwambia "natumia peptaidi" ni kama kakwambia "nimekula chakula". Chakula gani? Ugali au nyama ya kuoza? Peptaidi sio jina la dawa. Ni jina la ukoo mkubwa wenye watoto waliosoma, watoto wa mtaani, na wengine ambao hata baba yao hajulikani.

Yule mtoto aliyesoma ni insulini. Kabla ya mwaka 1922, mtoto akipata kisukari cha utotoni wazazi walikuwa wanamtazama anakonda mpaka anakufa. Januari 1922 kule Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 akachomwa insulini kwa mara ya kwanza. Na hapa nataka msome taratibu: sindano ile ya kwanza haikumsaidia kitu cha maana, na pale ilipochomwa pakaota jipu. Kwa nini? Dawa haikuwa safi vya kutosha. Wataalamu wakarudi maabara, wakaisafisha, baada ya siku 12 wakamchoma tena, na safari hii sukari ikashuka. Kijana akaishi miaka mingine 13.

Peptaidi ilikuwa ileile. Tofauti kati ya jipu na uhai ilikuwa usafi wa kilichomo kwenye chupa. Hiyo ni miaka zaidi ya 100 iliyopita, mikononi mwa madaktari, ndani ya hospitali. Sasa we niambie, hicho kichupa ulicholetewa na bodaboda kimesafishwa na nani?

Mtoto mwingine aliyesoma ni semaglutaidi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliipitisha Desemba 2017 kwa wagonjwa wa kisukari, na Juni 2021 wakaipitisha ile ya kupunguza uzito kwa jina la Wegovy. Haikupita kwa sababu staa fulani alipendeza. Jaribio moja tu kubwa lilichukua watu 1,961, wiki 68, wengine wakapewa dawa yenyewe na wengine sindano isiyo na dawa bila wao kujua. Waliopata dawa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao, wenzao asilimia 2 na kitu. Madhara yakaandikwa: kichefuchefu, kutapika, kuharisha, na mengine. Ndiyo maana mgonjwa anaanza na kipimo kidogo cha miligramu 0.25 kwa wiki, anapandishwa polepole mpaka miligramu 2.4. Hakuna kuruka ngazi.

Sasa tuje kwa BPC-157, kipenzi cha majimu. Hii inasemekana inaponya kano, ligamenti, vidonda vya tumbo, utumbo, yaani karibu kila kitu isipokuwa deni. Ilitokana na utafiti wa protini ya majimaji ya tumboni, na sehemu kubwa ya kazi yake imefanywa na kundi la watafiti wa Zagreb, Kroatia. Matokeo mazuri mengi mnayosomewa ni ya panya. Panya kapona kano, panya kapona kidonda. Hongera zake panya. Kwa binadamu majaribio ni machache mno na madogo mno, hakuna lile la watu elfu na ushee. FDA haijaipitisha kama dawa, na mwaka 2023 waliiweka kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuleta hatari kubwa ya usalama vikitengenezwa na maduka ya dawa kwa oda. Shirika la dunia linalopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, WADA, limeitaja kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku tangu mwaka 2022.

Hiyo ya WADA ishike vizuri, maana inanipeleka kwa mshkaji wangu.

Mshkaji wangu tumwite Namba Saba, maana hiyo ndo jezi yake. Mnaofuatilia ndondo mnawajua vijana wa aina hii: winga, mguu wa kushoto, akishika mpira upande wa jukwaa watu wanasimama. Kulikuwa na timu ya daraja la juu imemwita aje kujaribiwa. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, kwenye mechi ya mtaani tu ya kugombea ng'ombe, goti likalia "ko". Yeye mwenyewe alilisikia. Likavimba mpaka suruali haipandi.

Hospitali wakamwambia inaonekana ligamenti ya ndani ya goti imeumia, kafanye kipimo cha MRI tujue imekatika yote au nusu, na usicheze. Mama yake, ambaye na mimi namwita mama, anauza chapati na maharage asubuhi. Akavunja kibubu, akakopa na kwenye kikoba, ikapatikana hela ya kipimo.

Hela hiyo haikufika kwenye kipimo. Namba Saba alikuwa anamfuatilia kaka wa jimu. Akaingia inboksi. Akaambiwa MRI itakuonyesha tatizo, haitakuponya, sisi tunaponya. Wiki nne unakimbia. Vichupa viwili, laki tatu na sitini, sindano bure, maelekezo kwa sauti ya WhatsApp.

Nilikuwepo siku ya kwanza anajichoma. Nasema ukweli, sikumzuia. Nilishika tochi ya simu, umeme ulikuwa umekatika. Kichupa cha kwanza kilikuwa kioo kitupu na unga mweupe chini, pembeni kina gundi iliyobaki, ukigusa inanata. Kulikuwa na stika, mtu kaibandua. Kichupa cha pili mbanduaji alikuwa na haraka. Nusu ya stika ilibaki, na pale kwa Kiingereza pameandikwa kwamba hiki ni cha utafiti wa maabara tu, sio cha kutumiwa na binadamu.

Nikamsomea. Tukatazamana. Akamtumia picha yule kaka. Jibu likaja na vicheko vya emoji: "Hiyo ni ya kukwepa kodi tu mdogo wangu, wewe choma."

Akachoma.

Wiki ya tano maumivu yakawa yamepungua. Uvimbe ulishuka, na uvimbe wa goti huwa unashuka hata ukikaa tu. Yeye akaamini kapona. Akaingia uwanjani, dakika ya kumi na kitu, akageuka na mpira, goti likaenda kwake na yeye akaenda kwake. Safari hii hospitali walipompima kweli, ligamenti ilikuwa imekatika yote na gegedu ya ndani ya goti nayo imechanika. Daktari hakusema kichupa ndicho kilichokata ligamenti, na mimi sisemi hivyo. Kichupa kilifanya kitu kingine: kilimla hela ya kipimo, kikamla wiki zake, kikampa uhakika wa uongo akaingia uwanjani na goti bovu.

Ila kitu ambacho sitakisahau ni swali la daktari. Alimuuliza kwa upole, "Kijana, ulijichoma nini?" Namba Saba akafungua mdomo, akafunga. Hajui. Mama yake amekaa pembeni na kanga ya kazini, unga wa ngano bado uko kwenye vidole, anamwangalia mwanae anashindwa kujibu swali la kitu alichokiingiza mwilini mwake kwa mkono wake, kwa hela ya chapati.

Na hata kama goti lingepona, kama kweli mle ndani mlikuwa na BPC-157, angeenda kwenye soka la kulipwa akiwa na kitu kilichopigwa marufuku mwilini. Akipimwa, anafungiwa. Hilo nalo kaka wa jimu hakulisema kwenye sauti ya WhatsApp.

Sasa najua komenti zinazokuja. Nimekaa mjini.

"Una wivu." Sawa, nina wivu. Ningependa ngozi ya yule dada na kifua cha yule kaka. Haya, tumemaliza wivu, nijibuni swali: ndani mna nini?

"Mbona wazungu wanatumia?" Wanatumia ndiyo, na wanaumia pia. Julai 2025 kule Las Vegas, kwenye tamasha la watu wanaotafuta kuishi miaka mingi, wanawake wawili walichomwa sindano za peptaidi wakaishia hospitali wanapumulia mashine. Sisemi nimejua kilichowaangusha. Nasema hata kule kwenye maabara nyingi na ambulansi za haraka, hii kitu ya sindano za tamasha ni kamari. Na feki nazo zipo. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic feki zilizogundulika Brazil, Uingereza na Marekani. Kama feki imepenya Uingereza, kwetu kwa njia ya inboksi itashindwa nini?

"Mimi nimetumia na nimepona." Hongera, na nakuamini kwamba umepona. Ila maumivu mengi ya misuli yanapungua yenyewe ukipumzika. Ndo maana wale watafiti wanatafuta watu wengi na baadhi wanawapa sindano tupu. Wanataka kujua kilichoponya ni dawa, ni muda, au ni imani. Wewe na mimi tukiwa chumbani kwetu hatuwezi kujua.

"Hospitali zetu foleni, gharama, majibu ya mkato." Hii komenti ndo siicheki, maana ni kweli. Kijana akienda na goti anakaa benchi toka asubuhi, anaambiwa njoo wiki ijayo na hela ya kipimo. Halafu anafungua simu, kuna kaka anamwita "mdogo wangu", anamjibu ndani ya dakika mbili, anampa matumaini na anamtumia bodaboda. Hawa watu wanauza kitu ambacho hospitali zetu mara nyingi hazitupi, kusikilizwa. Naelewa. Lakini hebu pigeni hesabu: Namba Saba alikuwa nayo hela ya kipimo. Hakuibiwa na umaskini. Aliibiwa na mtu aliyejua ana hela na ana hofu.

Mnakumbuka Loliondo? Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda Samunge kwa Babu, Mchungaji Mwasapila, kunywa kikombe. Foleni kilomita na kilomita, wengine walifia njiani. Leo watoto wa mjini tunawacheka wazazi wetu: "Mlidanganywaje nyie?" Lakini angalieni. Babu alitoza shilingi 500. Babu alikaa palepale kijijini, anajulikana jina, kikombe kilipikwa watu wakiona na mti wenyewe ulijulikana. Sisi tunaowacheka tunatoa laki na themanini kwa mtu ambaye akaunti yake inabadilika jina kila mwezi, tunachukua unga tusioujua, na hatunywi, tunajichoma. Wazazi wetu walikunywa kikombe, sisi tunakiingiza kwa sindano, halafu tunajiita wajanja kwa sababu kina jina la Kiingereza.

Na tusijifanye hii kitu imeshuka jana. Dripu za kung'aa mnazowekewa saluni na kwenye vyumba vya wageni, ile gluta, ndiyo glutathaioni, peptaidi ya shanga tatu ambayo mwili wako unajitengenezea wenyewe. Ufilipino, ambako mchezo wa kung'aa kwa sindano ulishamiri sana, mamlaka yao ya dawa ilishawaonya wananchi kuhusu sindano hizo na madhara kwa ini, figo na mishipa ya fahamu. Kwetu tunawekewa na fundi wa kucha.

Hapa inabidi niseme na langu. Mwaka juzi nililipwa elfu hamsini kuposti tangazo la dripu ya kung'aa. Picha mbili, kabla na baada. Sikuuliza ndani mna nini. Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba, nikaposti, nikaweka na moto wa emoji. Wiki ile nilipata watembeleaji kuliko habari yoyote ya ndoa kuvunjika. Namba Saba hakununulia kwangu, lakini ningekuwa nimelipwa na kaka wa jimu, angenunulia kwangu. Ile posti nimeifuta juzi. Najua kuifuta haimtoi mtu dawa mwilini. Kama wewe ulichomwa kwa sababu yangu na ukapata shida, niandikie, sitakublokiwa wala sitakujibu kwa vicheko.

Na tuambizane ukweli mwingine, kwa nini dada wa tamthilia yuko na kichupa kitandani? Nendeni kwenye picha zake za mwaka jana alipoongezeka kilo baada ya kujifungua. Someni mlichoandika. "Umekuwa kiroba." "Mume ataondoka." Tulimchoma sisi kwanza kwa maneno, ndipo akaenda kutafuta sindano. Kwa hiyo mimi simcheki anayetumia. Mtu mnene anayeteseka na uzito, mwenye kisukari, mwenye maumivu, ana haki ya dawa, na akiandikiwa na daktari sindano ya peptaidi inayojulikana, achome na asione aibu. Hasira yangu haiendi kwa anayetafuta kupona. Inaenda kwa anayebandua stika.

Maana yule dada ana vitu ambavyo hatuvioni kwenye laivu. Ana mpishi. Ana mwalimu wa mazoezi. Ana daktari anayepokea simu saa sita usiku. Ana filta. Akivimba jipu tumboni, analala wodi ya kulipia wiki moja na sisi tunaambiwa yuko mapumzikoni. Wewe ukivimba jipu, unakandwa na maji ya chumvi na mwenye nyumba anadai kodi. Yeye anauza ngozi iliyojengwa na vitu kumi, halafu anakuonyesha kimoja, kile chenye kamisheni.

Na kuna mambo ya kawaida kabisa ambayo hawayasemi. Peptaidi nyingi zikishachanganywa na maji zinatakiwa kukaa kwenye baridi. Insulini ambayo haijafunguliwa inahifadhiwa nyuzi 2 mpaka 8. Kichupa chako kimepanda basi kutoka mpakani, kimekaa dukani kwenye joto la Dar, kimepanda bodaboda kwenye jua la saa nane. Kipimo nacho: bomba la sindano la insulini limechorwa mistari ya yuniti, sio miligramu, na hesabu inategemea umemimina maji kiasi gani kwenye unga. Marekani kwenyewe mwaka 2024 FDA ilitoa tahadhari kwamba watu wanaojivutia semaglutaidi kutoka kwenye vichupa walikuwa wanakosea hesabu, wengine wanajichoma mara 5 mpaka 20 ya kipimo walichotakiwa, wanaishia hospitali. Hiyo ni dawa inayojulikana. Ya kwako haijulikani hata jina. Na kuchangia kichupa na sindano na shosti wako ili kupunguza gharama, hilo sitaki hata kulijadili. Ukimwi na homa ya ini havijali mna urafiki wa miaka mingapi.

Kwa hiyo mastaa wetu, sina haja ya kuwafungia biashara, sina uwezo huo. Naomba mambo matatu tu, hadharani, kwenye laivu ileile, sio inboksi.

Taja jina kamili la kilichomo ndani. Sio "peptaidi", sio "siri yangu", jina.

Onyesha kama kimesajiliwa. Tanzania tuna TMDA, kazi yake ni kusajili dawa. Kama kimesajiliwa, kuonyesha ni sekunde mbili. Kama hakijasajiliwa, sema hivyo kwa sauti ileile ya upole.

Sema umelipwa shilingi ngapi. Mimi nimesema yangu, elfu hamsini, aibu nimeshaibeba. Beba na wewe.

Ukishindwa hayo matatu, basi acha stika ilivyo. Acha tusome "sio cha kutumiwa na binadamu", halafu kila mtu ajipime. Mtu mzima akiisoma na bado akachoma, angalau kachagua. Namba Saba hakuchagua, alifichwa.

Na wewe mdau, kabla hujatuma hela, uliza swali moja tu kwa maandishi: "Ina nini ndani, na nikizidiwa nampigia nani?" Ukijibiwa kwa vicheko, umeshajibiwa. Ukiwa umeshachoma na unajisikia vibaya, nenda hospitali na kichupa chenyewe mkononi, usikitupe kwa aibu. Daktari hawezi kutibu kitu asichokijua.

Namba Saba anasubiri upasuaji. Timu iliyomwita ilishafunga usajili. Siku hizi ndondo ikichezwa anakaa pembeni na magongo anawapa wenzake maji, na mama ameongeza saa za kuuza chapati mpaka jioni. Juzi nilipita kula, nikamkuta kaka wa jimu kaposti kichupa kipya, kimeng'aa, hakina stika. Namba Saba akaniangalia, akasema, "Hiki walau wamekibandua vizuri."

Komenti ziko wazi. Mwenye jina la dawa alilete, mwenye matusi nayo najua atayaleta, ila mama yangu muacheni apumzike.